Paka wa mama na baridi ya Ilembula



Leo tunawaandikia sisi dada wawili, kutoka mbali na bahari. Mkubwa wetu aliolewa na mwalimu aliyepangiwa kazi Ilembula, mkoani Njombe. Mdogo akamfuata baada ya mama yetu kutangulia mbele ya haki. Pamoja na mabegi tulibeba kapu lenye paka wa mama, Nunu, mwenye miaka 13. Tulipanda boti hadi Dar es Salaam, basi kupitia Morogoro na Iringa hadi Makambako, kisha gari dogo mpaka Ilembula. Mama alituachia neno moja juu yake: msimtupe. Kwetu hiyo ni amana.

Majirani zetu Wabena walitupokea vizuri mno. Kabla hatujajua njia ya sokoni tulikuwa tumeshajua kuitikia "Kamwene". Ila mwezi wa Juni ulipoingia, ndipo tulipojua baridi ni kitu gani. Sisi wa Unguja tulilala na masweta, na Nunu akajikunja pembeni ya jiko la mkaa asitake kuondoka.

Asubuhi moja tukakuta amekojoa kwenye msala. Tukaufua. Siku ya tatu akarudia. Kumradhi shoga zetu, tulikasirika kweli. Tukasema paka huyu amezeeka na ada mbaya, na usiku ule tukamfungia kwenye banda la kuni. Alfajiri tulipofungua, hakukimbilia ndani kama zamani. Alifika kwenye kidaraja kimoja cha mlango, akainua mguu, akaushusha. Hakulia. Alitutazama tu. Sala ya siku ile tuliisali na kitu kimetukaba kooni.

Shemeji ndiye aliyetutafutia afisa mifugo. Alimshika Nunu nyonga na magoti polepole, akatuuliza maswali: bado anaruka dirishani? Manyoya ya mgongoni anayalamba? Kucha zimerefuka? Hukasirika akishikwa kiunoni? Majibu yote tulikuwa nayo, ila hatukuwahi kuyaunganisha. Akatwambia ni maradhi ya viungo, yale ambayo watu wengi huyaita baridi yabisi. Baridi ya Ilembula haikuyaanzisha. Gegedu linalokaa baina ya mifupa limelika kwa umri, na asubuhi za baridi zinamfanya akaze zaidi.

Na kukojoa? Beseni letu la mchanga lilikuwa na ukingo mrefu, na kupanda kulimuuma. Msala ulikuwa laini, chini, karibu. Basi hakuwa na ada mbaya. Alikuwa na maumivu.

Tangu hapo tumesoma sana. Paka huficha maumivu, hivyo wengi hawagunduliki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliangalia picha za eksirei za paka 100 waliopita miaka 12, na 90 kati yao walionekana na dalili za viungo kulika. Kwa hiyo ukiwa na paka mzee nyumbani, usiseme "uzee tu" ukaishia hapo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo likitutoka hatutajisamehe. Kabla afisa hajafika, tulikuwa tumeshasaga nusu kidonge cha panadol kwenye kijiko. Tulidhani dawa inayotufaa sisi itamfaa na yeye. Alipokiona kile kijiko akasema kwa sauti, "Msithubutu!" Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile. Damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi, uso huvimba, na anaweza kufa. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni nazo ni hatari kwake. Dawa za maumivu za paka zipo, lakini hutolewa na daktari wa mifugo, kwa kipimo kidogo kulingana na uzito, na huangaliwa figo, khasa kwa paka mzee. Tulikitupa kile kijiko na unga wake.

Yaliyomsaidia zaidi ni mambo madogo ya nyumbani. Tulichukua beseni pana la zamani, tukakata upande mmoja hadi likabaki na ukingo wa vidole vitatu. Kitanda chake ni boksi lenye blanketi, mbali na upepo wa mlango, na usiku tunamwekea chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga. Dirishani tumepanga matofali mawili awe anapanda kwa hatua. Bakuli la chakula tumeliinua kidogo. Mgongo tunamchana sisi, na kucha tunampunguza.

Na uzito. Tulipanda mizani tukiwa tumembeba, kisha bila yeye: kilo 6! Tumempunguzia chakula kidogo kidogo, kwani paka mnene akikatiwa chakula ghafla ini huharibika. Sasa ana kilo 5. Harukiruki kama kijana, ila anapanda matofali yake, anaota jua, na msala wetu ni safi, alhamdulillah.

Tunawakumbusha na mabibi arusi kisa cha Kabsha binti Kaab bin Malik, kilichomo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Alikuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada. Alimtilia baba mkwe wake maji ya udhu, paka akaja kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alifundisha kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mkojo wake tunaufua, bila shaka, lakini yeye mwenyewe ni wa nyumbani.

Na kile kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia tulikuwa tukikisikia tangu chuoni. Hatukudhani kitatuhusu sisi. Kila tukipita banda la kuni tunasema astaghfirullah.

Mama, amana yako tunayo. Amelala sasa hivi juu ya kanga yako.

Wassalaam.