Lenzi kuukuu na nyuso za Maringo

Siku hizi kila aliye na simu mkononi ni mpiga picha. Hupigwa picha mia kwa siku moja, na simu ikiibwa kwenye matatu, zote huenda nayo. Si ajabu basi majirani walinishangaa nilipoanza kuzunguka Maringo na Jericho na kamera ya Yashica Mat-124G, iliyoanza kuundwa Japani mwaka wa 1970 na kukoma 1986.

Kamera hii ina macho mawili, moja juu ya jingine. La juu ni la kutazamia. La chini, lenzi ya Yashinon ya milimita 80, ndilo linalonasa picha. Filamu yake ya 120 hutoa picha 12 tu za mraba wa sentimita 6 kwa 6. Kila moja inazidi mara tatu ukubwa wa picha ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na ndiyo sababu hukuzwa hadi kutundikwa ukutani bila uso kuvurugika.

Lenzi yenyewe ikoje? Tundu lake likifunguliwa wazi kabisa, 3.5, picha huwa laini kidogo pembezoni. Ukilibana hadi 8 au 11, waweza kuhesabu ndevu za mtu. Ila haipendi jua la usoni. Saa kumi alasiri, jua linapoinama juu ya mapaa, weupe hutanda kwenye picha kama ukungu usipoikinga. Tena usiisogeze karibu kuliko mita 1, maana haitaona sawasawa.

Lililonipendeza zaidi ni jinsi inavyotumiwa. Huishika kifuani ukainamisha kichwa, na kioo hukuonyesha kulia kuwa kushoto. Anayepigwa picha huona mtu aliyeinama mbele yake, kama kijana anayemwamkia mkubwa wake.

Mzee mmoja jirani, aliyestaafu zamani, alipata habari za mipango ya kaunti ya kubomoa nyumba hizi za tangu enzi za mkoloni ili maghorofa yajengwe. Akamtuma mjukuu wake kuniita. Alitaka apigwe picha na mkewe kwenye mlango walikolelea watoto wao, kwani picha ya arusi yao ilikuwa imeliwa na unyevu.

Mama alivaa leso mpya. Nikapima umbali, mita 2.5, nikabana tundu hadi 8, nikangoja. Mtoto akapita akiburuta mtungi wa maji, wote wakacheka, na mama akamshika mumewe kiwiko. Kamera ikalia kwa sauti ndogo hata mzee hakujua kazi imekwisha.

Picha iliposafishwa, kila ufa wa rangi ya mlango ulionekana, namba ya nyumba pia, na vidole vya mama juu ya mkono wa mumewe. Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Sasa wakija, mwanangu," akasema, "watabomoa mawe tu."

Ndugu msomaji, wazee wako wapo, na nyumba bado imesimama. Hata kama una simu tu, wapige picha, uichapishe kwenye karatasi, uandike majina na mwaka nyuma yake. Akiba haiozi.