Samaki Wenye Haya



Labda ukisoma kichwa cha habari hii utacheka. Wewe una mbuzi wako na kuku wako, na samaki kwako ni kitoweo. Samaki wa kutazamwa tu, asiyeliwa wala kuuzwa, wa nini? Hata mimi nilisema hivyo. Lakini nivumilie kidogo, maana samaki hawa walinifundisha jambo ambalo miaka yangu yote ya kushika chaki haikunifundisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Tanga. Jirani yangu mmoja alihamishiwa kazi mbali, akaniomba nimpokelee tangi lake la kioo, kwa kuwa halingeweza kusafiri. Urefu wake ni sentimeta 80, upana 35, kimo 40. Maji yake ni lita mia na kidogo. Ndani mlikuwa na kokoto, majani mabichi yaotayo majini, na pampu ndogo ya umeme ya kuchuja maji. "Mwalimu," akaniambia, "wamo sita. Wanaitwa kuhli. Wana haya sana." Akanionyesha chakula chao, akaaga, akaenda zake.

Nikatazama siku ya kwanza, sikuona samaki. Nikatazama juma zima, sikuona samaki. Majirani wakaja kuangalia, wakaona majani na mapovu, wakanipongeza kwa kufuga maji.

Mwezi ule ule nilipokea mgeni mwingine. Binti yangu alifariki, na mtoto wake wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, akaletwa kwangu. Mtoto huyu alikuwa hasemi. Asubuhi "Shikamoo babu," basi, mpaka kesho yake. Mgeni akipiga hodi, yeye amekwisha kujificha nyuma ya mlango wa jikoni. Mke wangu akasema, "Mwache, Baba, ni mtoto wa msiba." Mimi sikukubali. Nilizoea watoto wasimame na kujibu kwa sauti. Kila jioni nikamwita barazani mbele ya wageni: "Simama wima. Sema jina lako. Sema uko darasa la ngapi." Alisimama akitazama vidole vya miguu yake, na machozi yakamdondoka. Nilidhani namkomaza. Nami nilikuwa na msiba wangu mwenyewe, wala sikujua pa kuuweka.

Jumamosi moja nikasema, leo samaki hawa nitawahesabu. Nikaondoa kifuniko, nikakunja mikono ya shati, nikang'oa majani, nikavuruga kokoto. Maji yakawa kama uji wa ulezi. Nikaona mkia mmoja ukipita, wa manjano wenye mapete meusi. Nikautupia wavu. Samaki akanasa, si kwa wembamba wake, bali kwa kijiiba kilichofichika chini ya jicho lake, nami nikamnasua kwa shida. Kwa hasira nikaacha kazi, nikaenda kunawa, na tangi sikulifunika.

Alfajiri nikasikia mtoto amesimama kando ya kitanda. Alikuwa amefumbua kiganja, na juu yake samaki mmoja, mkavu kama kamba ya kiatu. Alikuwa ameruka nje usiku. Mtoto akaniambia maneno marefu kuliko yote aliyopata kuniambia: "Babu, walikuwa wanaogopa mkono wako."

Sikuwa na jibu, ndugu msomaji. Tukamzika yule samaki chini ya mpapai, mimi na yeye, bila kusema neno.

Ndipo nilipompigia simu jirani yangu, nikaanza kuuliza na kusoma kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kumbe kuhli hutoka Asia ya kusini-mashariki, katika vijito vya msituni na vinamasi ambako maji huenda polepole, na majani yaliyodondoka huyapa rangi ya chai. Ni samaki mwembamba, urefu wa kidole kirefu, umbo la mkunga mdogo. Macho yake yamefunikwa na ngozi nyembamba ipenyayo mwanga, na kuzunguka kinywa ana masharubu ya kupapasia chakula mchangani. Hutembea usiku. Mchana hujificha, kwa kuwa huko kwao kila mwenye kinywa kikubwa hupenda kummeza, na ule mwiba wa chini ya jicho ndio silaha yake tu.

Jina lake ni la Heinrich Kuhl, kijana Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1797. Alifika kisiwa cha Java mwishoni mwa 1820 kuchunguza wanyama, akafa Septemba 1821, hajatimiza miaka 24. Mwaka 1846 Mfaransa Valenciennes alimwandika samaki huyu katika kitabu akampa jina la marehemu. Leo wataalamu humwita Pangio kuhlii, ingawa wengi wanaouzwa madukani ni ndugu yake, Pangio semicincta.

Nikaona makosa yangu yalikuwa mengi. Kokoto zilikuwa na ncha kali, na samaki huyu hupenda kuzama mchangani. Zingemkwaruza ngozi na masharubu. Nikazitoa kidogo kidogo, nikatia mchanga laini wa mto, niliouosha mpaka maji yakatoka meupe. Kila juma nikabadili robo ya maji. Maji ya bomba nikayaacha ndooni wazi siku nzima ili klorini itoke. Maji machafu niliyotoa nikayamwagia mchicha, nao ukastawi sana. Sifongo la chujio nikalisuuza katika maji yale yale ya tangi, si ya bomba, kwa sababu ndani yake hukaa bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki, ule uitwao amonia ambao ni sumu, ukawa kitu kisicho na madhara makubwa. Majani nayo huila amonia hiyo. Kwa hiyo si pambo tu, ni wafanyakazi. Joto halikunisumbua. Samaki hawa hutaka nyuzi 24 hadi 28, na chumbani kwetu Tanga maji hufika hapo yenyewe.

Kisha nikawajengea mafichoni. Nikachukua vifuu vya nazi, nikavichemsha, nikavitoboa mlango, nikavifudikiza mchangani. Kangaga la Java nikalifunga kwa uzi juu ya kigogo, maana shina lake likifukiwa huoza. Mtoto naye akaleta majani makavu ya mkungu ulioko uani. Mkungu huo hata huko Asia upo, na wafugaji hutumia majani yake vivyo hivyo: hulala chini ya maji, huyapa rangi ya chai, na samaki hupita chini yake kama chini ya mkeka.

Jirani yangu alikuwa ameniambia jambo moja ambalo sikulisadiki: "Ukitaka kuwaona, waongezee pa kujificha." Nikadhani ni mzaha. Lakini ndivyo ilivyo. Kuhli asiye na pango hukaa amejibana kwenye kona siku zote. Kuhli aliye na mapango matano, pamoja na wenzake, hutoka kutembea, kwa sababu anajua akitishika njia ya kurudi ipo.

Usiku ule sikulala upesi. Nikawaza juu ya baraza langu, wageni, na mtoto anayetazama vidole vyake.

Nikaacha kumwita barazani. Wageni wakija, alitaka kuja alikuja, hakutaka alibaki jikoni na bibi yake. Nikamwekea kigoda karibu na tangi, pale ambapo kabati humkinga asionekane kutoka mlangoni, nikamkabidhi kazi moja: kulisha samaki jioni taa zikizimwa, chakula kinachozama, kidogo kidogo. Sikumwuliza maswali. Nami nikakaa kiti cha pili gizani, nikanyamaza. Kwa mwalimu, ndugu yangu, hiyo ni kazi ngumu.

Jioni ya kumi hivi akaninong'oneza, "Babu, tazama." Kichwa kimoja kilikuwa kimechungulia mlango wa kifuu. Kikatoka kizima, kikafuatwa na cha pili, wakajiviringisha pamoja kama nyuzi zinazosokotwa. Tukawatazama mpaka shingo zikauma. Kisha mtoto, bila kuulizwa na bila kunitazama, akaanza kunieleza habari za mama yake: namna alivyokuwa akiimba akifua, na neno alilomwambia siku ya mwisho hospitali. Neno hilo ni lake na langu, silitii gazetini. Gizani pale nililia, naye hakushangaa.

Wasomaji wapendwa, sisemi kila mtu anunue tangi. Ukipata moja, lifunike vizuri, na usimwage kamwe samaki wala majani yake mtoni. Gugumaji nalo lililetwa kwa uzuri wa ua lake, na tunajua lilivyolisumbua Ziwa Victoria. Lakini kama nyumbani mwako yumo mtoto mwenye haya, usimburute nje kwa nguvu kama nilivyofanya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mpe pa kujificha, kisha ukae karibu.

Mjukuu wangu sasa huamkia wageni, kwa sauti ndogo, akiwa amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani. Yatosha. Juzi aliniambia amewahesabu samaki, nao ni sita. Nikamwambia haiwezekani, mmoja tulimzika chini ya mpapai. Akashikilia: sita. Labda jirani yangu alikosea kuhesabu tangu mwanzo. Nilitaka kuinua kifuniko nihakikishe, nikaurudisha mkono wangu.