Nguvu kwa Uzito: Hiyo Namba Haijakuhesabu Wewe

Wadau, leo nasema kitu kitakachonikosanisha na nusu yenu. Ile namba tunayoitumia kubishana kuhusu pikipiki za daraja la kati, uwiano wa nguvu kwa uzito, tunaitumia vibaya. Na wengi wenu mliizoea kupitia video zangu, kwa hivyo mniruhusu nijikosoe kabla hamjanikosoa.

Kama wewe ni mgeni hapa, hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua nguvu za farasi za injini, gawanya kwa kilo za pikipiki. Ukipata namba kubwa, pikipiki inaruka. Ukipata ndogo, inajikokota. Daraja la kati namaanisha zile za cc 500 hadi 800 hivi, ambazo kijana akiziona pale Waiyaki Way anasahau alikuwa anaenda wapi.

Mwaka jana nilizipanga kwenye video moja. Yamaha MT-07, cc 689, farasi 73, kilo 184 ikiwa na mafuta: 0.40. Kawasaki Z650, farasi 68, kilo 188: 0.36. Royal Enfield Interceptor 650, farasi 47, kilo 218: 0.22, yaani ni kama nusu ya MT-07 ingawa injini zinakaribiana kwa ukubwa. Juu kabisa nikaweka Triumph Street Triple 765 RS, farasi 130, kilo 188: 0.69. Halafu nikaweka Boxer 150 chini kabisa ndiyo watu wacheke. Farasi kama 12, kilo kama 120: 0.10.

Watu walicheka kweli. Ile video ndiyo iliyonipa wafuasi wengi kuliko zote.

Sasa niwaambie kwa nini niliipenda hiyo namba. Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Karo ilikataa kupatikana, nikasema nitarudi muhula ujao, na huo muhula ujao sasa una miaka miwili. Kila nikiweka video, hakosi msee wa kuandika, "Huyu si alitoka chuo, atatufunza nini?" Ukisema MT-07 ni tamu, wewe ni shabiki tu kama mashabiki wengine. Ukisema MT-07 ni 0.40 na Z650 ni 0.36, watu wananyamaza. Namba yenye nukta ilikuwa ndiyo cheti changu.

Mtu mmoja tu hakunyamaza, binamu yangu anayebeba watu na Boxer hapa Rongai. Aliitazama video stejini, akanipigia simu. "Kaka, hao farasi wako umewapima na nani mgongoni?" Nikamwambia hiyo ni uzito wa pikipiki peke yake, ndivyo inavyofanywa dunia nzima. Akasema, "Sawa, lakini mimi sijawahi kuona pikipiki ikienda peke yake." Nikacheka nikakata simu.

Miezi miwili baadaye, jamaa mmoja mwenye MT-07 akaniazima siku nzima nitengeneze video. Nilimchukua dada yangu mdogo. Ana miaka 19, kilo 60, na alikuwa ameniomba tangu nianze mambo ya pikipiki. Nilimvalisha helmeti nzuri na jaketi langu la zamani, tukatoka Rongai, Kiserian, Kona Baridi, tukaanza kushuka kuelekea Magadi.

Kama hujawahi kuendesha hiyo barabara, Kona Baridi iko juu kuliko Nairobi mjini, na Magadi iko takriban mita 600 tu juu ya bahari. Unashuka zaidi ya mita elfu moja. Upepo unakuwa moto, nyasi zinakauka, na unaona bonde lote la ufa limelala mbele yako. Tulishuka tukiimba. Nilipita malori matatu nikiwa gia ya tano, bila kushusha gia hata mara moja. Naisogeza mkono kidogo tu, lori liko nyuma. Nikajiambia hii ndiyo 0.40. Kumbe mteremko ndio uliokuwa unanisukuma, mimi nikidhani ni injini.

Jioni tukarudi. Tumepita Olepolos, tunapanda, mbele yetu lori limejaa linanguruma kwa mwendo wa kobe. Lilipofika mahali palipotulia kidogo likaongeza mwendo, nami nikaona nafasi. Nikatoka kulia, gia ile ile ya tano, nikafungua mafuta.

Hakikutokea kitu. Sisemi injini ilizima, ilivuta, lakini ilivuta kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Niko katikati ya lori, ubavu wake hauishi, na kwenye kona ya juu ikatokea Probox.

Nilikanyaga na kubana breki zote, nikarudi nyuma ya lori. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alikuwa ameshaona na akavuta kushoto hadi kwenye changarawe kutupatia nafasi. Probox ilipita ikipiga honi mfululizo, karibu hadi nikasikia upepo wake kwenye goti. Vidole vya dada yangu vilikuwa vimeingia kwenye mbavu zangu.

Tulisimama Kona Baridi. Alivua helmeti, akakaa kwenye jiwe, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Si ulisema hii iko na nguvu?" Hakusema kwa hasira, alikuwa anauliza tu. Sikuwa na jibu. Baadaye akaongeza, "Usiambie mathe." Tukaenda polepole mpaka Kiserian, hapo akashuka, akapanda matatu kwenda nyumbani.

Usiku huo sikulala. Nilitoa daftari la chuo, lile la mwaka wa pili, nikapiga hesabu ambayo nilistahili kuipiga kabla ya kufungua mdomo kwenye video. Tuifanye pamoja, haina ugumu.

Kwanza uzito. Pikipiki kilo 184. Mimi na helmeti, jaketi na buti, kilo 80. Dada yangu 60. Jumla 324. Farasi 73 kugawanya kwa 324 ni 0.23. Kabla hata hatujatoka nyumbani, MT-07 yangu ilikuwa imeshakuwa Interceptor ya kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyeicheka Interceptor.

Pili hewa. Injini inachoma mafuta kwa hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hivyo unapoteza kama asilimia 15 na zaidi. Pikipiki za siku hizi zina kompyuta inayopunguza mafuta yalingane na hewa, ndiyo maana hutasikia injini ikikohoa kama ya kabureta. Inaenda laini kabisa. Lakini farasi hawapo. Zile 73 zilipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa anazo karibu zote. Wewe wa Limuru, pole.

Tatu, na hapa ndipo nilipojipiga kofi, ni gia. Farasi 73 za MT-07 zinapatikana kwenye mizunguko 8,750 kwa dakika. Mimi kwenye gia ya tano nilikuwa kama 4,000. Torki ya juu kabisa ya hiyo injini ni 68. Zidisha 68 kwa 4,000, gawanya kwa 7,023, unapata kama 39. Yaani pale nilipokuwa, injini haikuweza kutoa zaidi ya farasi 39 hata ningevunja mkono kwenye mafuta. Toa asilimia 15 ya hewa, inabaki 33.

Nne, mlima. Kupandisha kilo 324 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 8 kunakula farasi karibu 8. Hizo zinaenda kupigana na mlima tu, hazikuongezei mwendo hata kidogo. Inabaki 25.

Gawanya 25 kwa 324. Ni 0.08.

Rudi juu usome namba ya Boxer kwenye karatasi. 0.10. Na upepo bado sijauhesabu.

Hapo ndipo nilipoelewa simu ya binamu yangu. Yeye kwenye Boxer, akiwa na abiria mmoja na gunia la viazi, anabeba kilo nyingi kuliko pikipiki yenyewe. Uwiano wake unashuka hadi 0.04 hivi, na anajua. Hajawahi kupiga hesabu kwa kalamu, lakini ukimtazama akipanda mlima, anashusha gia mapema, anakaa nyuma ya lori akingoja, na akiona hawezi anaacha. Kila siku anaishi na uzito wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa naishi na namba ya pikipiki ambayo haina mtu juu yake.

Sisemi uwiano ni uongo. Ulaya wameuweka kwenye sheria. Leseni ya A2 inakuruhusu pikipiki isiyozidi kilowati 35 na isiyozidi kilowati 0.2 kwa kila kilo, ndiyo maana Honda za cc 500 zinatoka na kilowati 35 kamili. Hapa kwetu, nilipochukua leseni, hakuna aliyeniuliza habari ya uwiano. Ukiwa na pesa ya Street Triple leo, unaweza kuirukia kutoka kwenye Boxer. Kwa hivyo sisi wenyewe ndio inabidi tuwe na akili.

Na tulinganishe kwa haki. Kampuni nyingine zinakupa uzito wenye mafuta, nyingine uzito mkavu. KTM 790 Duke ilipotoka ilitangazwa farasi 105 na kilo 169 kavu, 0.62. Jaza tenki la lita 14, weka oili na maji, unaongeza zaidi ya kilo 10 na namba inateremka. Ukiiweka hiyo 169 kando ya 188 ya Triumph yenye mafuta, umewalinganisha mtu aliyevua viatu na mtu aliyevaa koti. Mimi nimefanya hilo kosa kwenye video mbili. Samahani.

Kingine ambacho uwiano hausemi ni kusimama. Unakuambia utapata mwendo haraka kiasi gani, lakini haukuambii utaupoteza vipi. Ukitoka 60 hadi 120, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa breki unaongezeka mara nne. Tunazilinganisha pikipiki kwa namba ya kukimbia peke yake, halafu tunashangaa vijana wanaingia chini ya malori.

Kwa hivyo kuanzia sasa, kila pikipiki nitakayoileta hapa itakuwa na namba tatu: ya karatasi, ya Nairobi ikiwa na mtu wa kilo 80, na ya Nairobi ikiwa na watu wawili. MT-07 zitakuwa 0.40, 0.24 na 0.19. Street Triple zitakuwa 0.69, 0.41 na 0.34. Z650 zitakuwa 0.36, 0.22 na 0.18. Angalia hapo: kwenye karatasi MT-07 na Z650 zinapishana kwa 0.04. Ukibeba mtu, zinapishana kwa 0.01. Yale matusi yote mliyotukanana chini ya video yangu yalikuwa ya hiyo 0.01.

Na ukinunua, usijaribu pikipiki peke yako kwenye barabara tambarare. Mbebe yule utakayekuwa unambeba, mpande mlima, na ujifunze kushusha gia mbili kabla hujatoka nyuma ya lori. Ukiwa umeshatoka, umechelewa.

Ile video ya zamani sijaifuta. Nimebandika haya maelezo juu yake, na wale wa "ulitoka chuo" najua mtakuja na kicheko. Njooni tu. Safari hii mna haki, ingawa hesabu yenyewe ni ya mwaka wa kwanza. Dada yangu bado hajapanda pikipiki nami. Nikimwomba anasema atapanda matatu, na simlazimishi. Mathe naye, kama unasoma hii, tutaongea jioni.

Sasa niandikieni hapo chini: pikipiki yako, kilo zako, unakaa wapi, na huwa unambeba nani. Nitawapigia hesabu mmoja mmoja.