Ramani ya Chemchemi



Mpwa wangu akaaye Marekani aliniletea zawadi ambayo mwanzoni sikuithamini: ramani kuukuu ya nchi ya milima na malisho katika jimbo la Nevada. Hata jioni moja, watoto walipokwisha kutoka chuoni, nikavaa miwani nikaitandaza mkekani.

Mistari ya hudhurungi huonyesha vimo: kila mstari huunganisha mahali palipo sawa kwa urefu, na inapobanana ndipo penye mteremko mkali. Nyeusi ni kazi ya binadamu: nyumba na njia. Buluu ni maji. Mto usiokauka ni mstari mzima, wa msimu ni mstari uliokatika-katika, na chemchemi ni kiduara kidogo. Inchi moja ni karibu maili moja. Nikafuata kwa kidole, nikaona nyumba za wafugaji zimekaa karibu na viduara vile; kwingineko ni milima mitupu.

Jambo hilo alilijua John Wesley Powell, aliyeiongoza idara ya serikali iliyochora ramani hizo toka 1881 hata 1894. Mwaka 1878 aliandika kwamba katika nchi kavu ekari 160 alizopewa mlowezi kwa sheria ya 1862 hazitoshi kulishia mifugo. Yafaa 2,560, na kila shamba lifikie maji. Shauri lake halikufuatwa.

Mjukuu wangu, aliyekuwa ameinama kando yangu, akauliza: “Babu, na kisima chetu cha shamba kimechorwa wapi?”

Nikanyamaza. Kisima hicho alikichimba babu yangu, na marehemu mama ndiye aliyekijua. Kila Idi nilisema nitamwomba anionyeshe, na kila Idi nikaahirisha. Sasa mama hayupo, na vichaka vimekifunika. Wapima ardhi wa Nevada waliandika hata chemchemi ya kunywesha ng’ombe wachache. Nami, nifundishaye watoto kuhifadhi, sikuhifadhi njia ya kwenda kwenye maji ya kwetu.

Basi, ewe kijana, mzee wako akiwa hai, usingoje Idi. Chukua karatasi na kalamu, mfuate shambani, uandike mti, hatua na jina. Andika na mwaka pia, kwani ramani hueleza maji ya siku ilipochorwa, na chemchemi huweza kukauka. Mimi nimekwisha kuchelewa, wewe usichelewe.