Kando ya Kalungwishi

Kwetu Kafutuma, ufukoni mwa Ziwa Mweru, tunawajua samaki kuliko misitu. Siku moja nilitamani kuuona mto Kalungwishi kabla haujafika ziwani. Nikatembea msituni kutoka maporomoko ya Lumangwe hadi ya Kabwelume, nikiongozwa na mzee mwenyeji. Miti ya miombo ilitufunika. Ngurumo ya maji ilififia nyuma yetu, kisha nyingine ikasikika mbele.

Njiani tulikuta visiki vingi na tanuri la mkaa. Mzee alimweleza mchoma mkaa kuwa mimi ni mwalimu. Nilijiandaa kumwambia kwamba miti ikikatwa, mvua huosha udongo na mto huupeleka ziwani. Yeye akanitangulia: “Mwalimu, mkaa huu ndio unaowanunulia wanangu sare za shule. Nyumbani kwako mnapikia nini?”

Nikanyamaza. Jikoni kwangu kulikuwa na gunia zima la mkaa.

Wanafunzi wapenzi, wajibu wa raia hauanzi kwa kumnyooshea mwingine kidole. Tangu siku ile huuliza mkaa ninaonunua umetoka wapi, na hutumia kidogo kuliko zamani. Nanyi ulizeni nyumbani kwenu.