Barua kutoka Roma: Skuta Huchaguliwa Kuanzia Chini

Ndugu wasomaji wa nyumbani,

Wazanzibari kati yenu huita kila skuta vespa, hata iliyotoka Japani au Taiwan, na neno hilo asili yake ni huku Italia: vespa kwa Kitaliano ni nyigu, na kiwanda cha Piaggio kule Pontedera kilianza kuwauza nyigu hao mwaka 1946. Leo mtu akitafuta skuta ya ukubwa wa kati, tuseme kati ya cc 125 na 350, ya kumpeleka kazini kila siku, kila anayekutana naye humwuliza: cc ngapi? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lingefaa kuja mwisho. Skuta ya mjini huchaguliwa kuanzia chini: kwanza barabara, kisha gurudumu, kisha uzito, halafu ndipo injini.

Tuanze na barabara. Katikati ya Roma njia nyingi zimetandikwa sampietrini, vijiwe vyeusi vya volkano vinavyoteleza mvua ikinyesha. Nje ya hapo kuna lami, ila lami yenye mashimo ambayo Waroma wenyewe wameyageuza mzaha. Mahali kama hapo gurudumu dogo huzama shimoni na kuubamiza ukingo, ilhali gurudumu kubwa hulivuka shimo lilelile kwa mtikisiko tu. Vespa GTS, pamoja na injini yake ya karibu cc 300, ina magurudumu ya inchi 12. Honda SH, iwe ya 125, 150 au 350, ina ya inchi 16. Kwa hiyo SH ndogo humudu shimo ambalo Vespa yenye nguvu zaidi hulilalamikia. Si ajabu kwamba SH, inayotengenezwa humuhumu Italia kwenye kiwanda cha Atessa, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa skuta zinazonunuliwa zaidi nchini. Dereva wa bodaboda hahitaji somo hili: pikipiki yake ya inchi 17 au zaidi hupita kwenye makorongo ambayo skuta ingegota.

Baada ya gurudumu, uzito. SH150 ina takriban kilo 134, SH350 takriban 174, na Yamaha XMAX 300 takriban 183. Tofauti ya kilo 40 hutaihisi skuta ikiwa mwendoni. Utaihisi kwenye foleni unapojipenyeza kwa mguu mmoja chini, unapoirudisha nyuma kutoka kati ya magari mawili yaliyobanana, na unapoipandisha kwenye stendi ya kati jioni umechoka. Mtu wa mjini hutumia muda mwingi zaidi akienda taratibu au amesimama kuliko akienda kasi, na kiti kikiwa karibu sentimita 80 kutoka chini, kila kilo humlemea zaidi mwenye miguu mifupi.

Atakayenipinga ataleta barabara ya mzunguko, GRA, yenye kilomita 68 kuuzunguka mji, ambako malori hayamsubiri mtu. Ana haki. Hadi Desemba 2024 sheria haikuruhusu skuta ya chini ya cc 150 kuingia humo. Sasa mtu mzima anaruhusiwa kuanzia cc 120, akiwa na leseni ya miaka miwili au zaidi. Lakini ruhusa haiongezi nguvu. Skuta ya 125 ikifika kilomita 100 kwa saa imemaliza, haina akiba ya kulikwepa lori. Anayepita GRA kila siku na anunue ya 300 au 350, wala sitamlaumu, kwa sababu naye ameanza na barabara yake. Hata breki zinaunga mkono kupanda kidogo juu ya 125: tangu 2016 Umoja wa Ulaya unadai ABS, breki isiyoliacha gurudumu lijifunge, kwa aina mpya zinazozidi cc 125, huku zile za 125 zikiruhusiwa kuwa na breki za mbele na nyuma zilizounganishwa tu. Juu ya vijiwe vilivyolowa, ABS ina thamani zaidi kuliko farasi kumi wa injini. Gharama ya kuivuka 125 ni mtihani: leseni ya gari hapa Italia inatosha kwa 125, lakini 150 hadi 350 zinahitaji leseni ya pikipiki ya A2. Mtihani hulipwa mara moja. Barabara hupitwa kila siku.

Pingamizi la pili ni la nafasi. Gurudumu kubwa hula sehemu ya chini ya kiti: SH350 humeza helmeti moja, XMAX, yenye magurudumu ya inchi 15 mbele na 14 nyuma, humeza mbili. Ni kweli, lakini sanduku la nyuma hufungwa kwa bolti chache, ilhali hakuna fundi atakayegeuza inchi 12 kuwa 16. Kasoro inayotibika isimwogofye mtu kuliko isiyotibika.

Kwa hiyo anayezunguka ndani ya mji ningempa 150 yenye inchi 16 na ABS. Anayepita GRA kila siku, ya 350. Na yule ambaye njia yake yote ni lami laini, achukue Vespa bila aibu, kwani ni nzuri kuitazama na njia yake haimdai zaidi ya hapo. Muuzaji atawaonyesha injini kwanza. Ninyi inameni mtazame tairi.

Wenu wa ughaibuni.