Kijana wa Ubena Auza Karatasi ya Mzee kwa Mzungu, Bibi Bado Anadai

Wadau, kuna kaka mmoja wa Ubena, ile Ubena ya barabara ya Morogoro ukishaipita Chalinze. Jina kapuni. Ila wanaoshinda Insta wakitafuta vitu vya kale wanamjua, maana ukurasa wake ni wa aina yake: vifungo vya shaba vya makoti ya askari, maganda ya risasi, chupa za maji za vitani, medali zilizoliwa na kutu, sarafu za Mjerumani. Mzigo anaukusanya vijijini kwa wazee, halafu anapanda gari Chalinze, Msata, mpaka Bagamoyo, anauza pale Mji Mkongwe kwa wageni wanaokuja kupiga picha Boma la Mjerumani na makaburi ya Wajerumani. Vingine anauza kwa inboksi.

Kabla hamjaanza kumwita tapeli, subirini kwanza. Kila mtu nchi hii ana mjomba aliyewahi kupigwa na wale jamaa wa "rupia ya Mjerumani". Unaletewa sarafu ya njano yenye tembo, unaambiwa ni dhahabu, kuna mnunuzi yuko hotelini Dar anasubiri, wewe toa tu milioni mbili za kukomboa mzigo. Kuna watu wameuza viwanja kwa huo mchongo. Na wengine wamechimba mashimo mpaka ukuta wa nyumba ukalala, eti hazina.

Huyu kaka hakuwa wa hivyo. Sarafu ya tembo ipo kweli, ni rupia 15, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, na uzito wake ni gramu saba na kidogo. Kwa hiyo ukimletea ya kwako anaipeleka kwanza kwenye mizani ya sonara. Katika miaka yake minne kwenye kazi hii hajawahi kushika ya kweli hata moja, na alikuwa anawaambia wateja hivyo hivyo. Alichouza sana ni ndugu yake maskini, ile heli 20 ya Tabora. Vita vilipoanza 1914 Mwingereza aliziba bahari, pesa kutoka Ujerumani ikawa haiingii, basi Wajerumani wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Wakapiga kwa shaba waliyookoteza huku na huku, maganda ya risasi yakiwemo. Ni sarafu mbaya mbaya, nyingine kama imechongwa na fundi baiskeli. Lakini ni orijino, ya vitani kabisa, na mgeni anatoa elfu thelathini bila kubisha.

Maganda nayo alikuwa anayajua. Anageuza kitako, anakuonyesha mwaka, anakwambia hili ni la bunduki ya mtindo wa 1871, ile iliyokuwa inatoa moshi mpaka adui anajua umejificha wapi. Wazungu walikuwa wanamsikiliza mdomo wazi.

Sasa tuje kwenye kisa.

Kaka alikuwa na mpenzi, binti wa Bagamoyo, ndiye aliyekuwa anapiga picha za ukurasa na kujibu meseji za Kiingereza. Walikuwa wanajipanga. Mahari ilishatajwa, na kaka alikuwa anataka pikipiki ili aache kubanana kwenye Noah na begi la vyuma. Siku hiyo akaja mzee mmoja wa Kijerumani, mkusanyaji hasa, si wale wa kununua kifungo kimoja cha kuweka kwenye friji. Akapitia mzigo wote, akavirudisha vitu mezani kimoja kimoja, akauliza swali ambalo kaka hakuwahi kuulizwa: "Hiki kilikuwa cha nani?"

Kimya. Maana ukikusanya kwa kilo, majina unayaacha hukohuko kijijini. Mzee akamweleza kwa upole kwamba kifungo ni kifungo tu, lakini kifungo chenye jina la mtu, kijiji chake na karatasi yake ni kitu kingine kabisa, na bei yake ni nyingine.

Karatasi. Kaka akakumbuka kopo la bibi.

Bibi yake, anayeishi hukohuko Ubena, ni binti wa askari wa Mjerumani. Marehemu mzee alipigana mpaka mwisho akiwa na Lettow-Vorbeck, ile safari ndefu ya kuingia Msumbiji na kutokea Rhodesia ya Kaskazini, mpaka waliposalimu amri pale Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vita Ulaya vilikuwa vimeisha wiki mbili nyuma. Walikuwa wamebaki askari elfu moja na ushee tu, na mshahara wao ulikuwa umesimama muda mrefu. Wakapewa vyeti vya kuonyesha wanachodai. Pesa baadaye.

Baadaye ikawa miaka 46. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha kwamba askari walio hai walipwe. Mlipaji akafungua ofisi ya muda Mwanza. Kinachosimuliwa, na kimeandikwa vitabuni, ni kwamba walijitokeza wazee kama 350, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno. Mlipaji akapata wazo: kila mzee akapewa ufagio aushike kama bunduki, akapigiwa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mzee wa Ubena yeye alikuwa na cheti. Kilichomkosa ni nauli. Habari zilimfikia kwa redio ya jirani, tena zimechelewa, na Mwanza si Chalinze. Akasema watafika na huku, wazungu wanaandika kila kitu. Akafa akisema hivyo. Karatasi ikabaki kwenye kopo la bati, pamoja na vifungo vinne na chuma cha mkanda, chini ya kitanda cha binti yake.

Kaka akaenda Ubena siku ya pili yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Leo umekuja mikono mitupu?"

Hakuwa mikono mitupu, alikuwa na sukari, sabuni na kitenge. Bibi naye si mtoto. Alipoelezwa shida akasema vifungo chukua, chuma cha mkanda chukua, vyote hivyo alivaa tu. Karatasi hapana.

"Bibi, ni karatasi ya zamani tu, hata kusoma huisomi."

"Ile si ya zamani. Ile ni deni, na halijalipwa. Wewe utauzaje deni la mtu?"

Mngemjibuje? Kwa kweli hakuna jibu. Mtu anaweza kucheka, miaka mia na zaidi, dola yenyewe iliyokopa haipo, rupia zenyewe hazipo. Lakini muulize mtu yeyote anayedai mshahara wa miezi mitatu kama deni linachakaa.

Kaka akalala pale. Usiku akavuta kopo.

Mjerumani aliuliza mara mbili kama familia imeridhia. Kaka akasema bibi mwenyewe ndiye kamtuma. Binti akatafsiri hivyo hivyo, kwa moyo mweupe, maana naye ndivyo alivyoambiwa. Akapiga na picha, mzee wa Kijerumani na kaka wamesimama mbele ya Boma, karatasi katikati. Ikalipwa milioni mbili na nusu, taslimu. Hakuna aliyeuliza habari ya kibali, ingawa sheria ya mambo ya kale tunayo tangu 1964 hiyohiyo na ina masharti yake juu ya kuuza na kutoa nje vitu kama hivi. Siku tatu baadaye kaka alikuwa juu ya pikipiki.

Binti alikuja kujua kwa bahati mbaya. Alimpigia bibi kumsalimia na kumshukuru kwa karatasi. Upande wa pili ukakaa kimya, kisha bibi akauliza, karatasi gani? Jioni hiyohiyo kaka akapigwa chini. Meseji yake ya mwisho shoga zake wameisambaza mpaka Msata: "Leo karatasi ya bibi, kesho pete yangu. Na mimi umenifanya nimdanganye mzee wa watu kwa mdomo wangu." Wapo waliosema kazidisha, milioni mbili na nusu ni pesa ya mahari. Yeye hakurudi nyuma.

Lakini kilichomkosesha kaka usingizi kilitoka kwa mnunuzi. Yule mzee, kwa nia njema kabisa, akamtumia kwenye simu picha safi ya karatasi pamoja na maneno yake kwa Kiingereza, ili familia iwe na kumbukumbu. Kaka akahangaika nayo neno kwa neno. Kulikuwa na jina la mzee, limekosewa kidogo. Kulikuwa na kikosi chake. Na kulikuwa na hesabu: miezi 15 ya mshahara. Tangu 1918 mpaka juzi, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kujua idadi hiyo.

Akaenda stesheneri Chalinze, akachapa kwa rangi, akaikunja kama ilivyokuwa imekunjwa, akaondoka Ubena na pikipiki. Njiani akatunga maneno: alikuwa ameipeleka kusomwa, sasa ameirudisha.

Bibi macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Akaipokea, akaipapasa pembe zote, akaipeleka puani. Ile ya mwanzo ilimwagikiwa mafuta ya taa miaka mingi nyuma. Akakaa nayo hivyo muda mrefu, kaka kasimama mlangoni na helmeti mkononi.

"Huyo aliyeisoma, kasema ni ngapi?"

"Miezi 15, bibi."

Akamwambia arudie. Akarudia. Bibi akaiweka karatasi ndani ya kopo, akalifunika, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Basi akija tena mwambie, miezi 15. Na ile yetu airudishe."